Kompyuta ya mabishoo

Weka mezani kwangu laptopu ya Apple, yenye nembo ya tufaha lililomegwa, kisha kaa pembeni usikilize. "Hiyo kompyuta ya mabishoo, dada," atasema mmoja wa vijana wanaoshinda dukani. Mwenzake atadakia kwamba mwenye nayo hajui hata memori ni kitu gani, yaani pale kompyuta inaposhikilia kazi inayoendelea. Bei itatajwa, na kwa bei hiyo hiyo zitahesabiwa kompyuta nyingine mbili zenye nguvu kuliko ile. Mwenye mashine akitokea mlangoni, wote kimya, wanampisha kwenye benchi.

Nimewasikiliza miaka mingi na nimeona sasa niseme ninavyoona. Katika chuki yao kuna jambo la haki kabisa, na kuna jambo lisilo la haki hata kidogo. Shida ni kwamba wanayachanganya, na likishachanganywa lile la haki halisikiki tena.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Ngamiani. Mbele ya duka ni steshenari: tunachapa barua, tunatoa kopi, tunaskani vyeti vya watu wanaoomba kazi. Nyuma ya pazia kuna meza ya ufundi, na hapo ndipo inapoishia sehemu kubwa ya siku yangu. Mashine zinazonifikia si mpya. Zimetumika Ulaya au Marekani, zikauzwa kwa jumla Dubai, zikapita Dar es Salaam, na mpaka ziingie Tanga zinakuwa za mmiliki wa pili au wa tatu. Hapa zinakutana na hewa ya bahari. Fundi yeyote wa mji huu anaijua ile rangi ya kijani inayoota kwenye miguu ya vipuri, ndani ya mashine ambayo kwa nje inang'aa kama ya jana.

Tuanze mbali kidogo, maana ugomvi huu una umri mkubwa kuliko vijana wanaouendeleza.

Mwaka 1977 Apple ilitoa kompyuta iliyoitwa Apple II. Aliyeibuni ni Steve Wozniak, na ndani yake aliweka nafasi nane za kuchomeka kadi, yaani vibao vya kuiongezea kompyuta uwezo. Mshirika wake, Steve Jobs, aliona mbili zinatosha: moja ya printa, nyingine ya modemu. Mtu wa kawaida zaidi ya hizo za nini? Wozniak alikataa katakata, nane zikabaki nane. Mfuniko wa mashine ile uliinuliwa kwa mikono mitupu. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa na michoro ya saketi, kwa hiyo aliyenunua alipewa kompyuta pamoja na ruhusa ya kuijua. Watu wakatengeneza kadi za sauti, kadi za kuongeza memori, hata kadi iliyobeba prosesa (ubongo wa kompyuta) nyingine kabisa, na mashine ikaishi maisha ambayo walioitengeneza hawakuyapanga.

Tarehe 24 Januari 1984 kampuni hiyo hiyo ikatoa Macintosh. Bei dola 2,495, memori kilobaiti 128, na nafasi za kadi hakuna hata moja. Kisanduku kilifungwa kwa skrubu za Torx, zile zenye tundu la nyota, nyingine zimezama ndani kiasi kwamba ilihitajika bisibisi ndefu ya pekee. Kinachonigusa kuliko yote ni sahihi. Wahandisi na wabunifu wa Macintosh waliweka sahihi zao, nazo zikachorwa kwenye plastiki, upande wa ndani wa kisanduku. Waliipenda kazi yao kiasi cha kuitia sahihi, kisha sahihi zikakaa mahali ambapo mnunuzi hakutarajiwa kufika. Fundi akizisoma anajua kwamba waliomtangulia walikuwa watu kama yeye, na kwamba kuna aliyeamua asikutane nao.

Lakini mashine hiyo hiyo ilimpa mtu wa kawaida kipanya, madirisha na picha za kubofya. Kipanya kilikuwa kimeoneshwa na Doug Engelbart tangu 1968, na madirisha Jobs aliyaona alipotembelea maabara ya Xerox mwaka 1979. Ilichofanya Macintosh ni kuviweka katika kitu kinachoweza kununuliwa na kupelekwa nyumbani. Kabla ya hapo, kwa watu wengi kompyuta ilikuwa skrini nyeusi na amri za kukariri. Wapo wajuzi walioitazama wakasema ni kitu cha kuchezea.

Basi kampuni ni moja, kompyuta ni mbili, na kati yake miaka 7 tu. Chuki zote mbili ninazozisikia leo dukani zimetoka hapo.

Ya kwanza ni ya maarifa yaliyoshuka bei. Niliposoma kompyuta katika chuo kidogo hapa mjini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwalimu alitushindisha na amri za DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa kuandika maneno, muda mrefu kabla hajaturuhusu kushika kipanya. Nilizikariri. Nilijua kufufua mashine iliyogoma kuwaka kwa kutumia disketi moja tu, na ofisi za Chumbageni zikawa zinatuma mtu kuuliza, yule binti yuko wapi? Kwa msichana wa umri ule, katika kazi ambayo mteja akiingia alichungulia kwanza nyuma yangu kumtafuta fundi mwanamume, kuulizwa hivyo kulikuwa na uzito. Kisha zikaja kompyuta zisizohitaji kufufuliwa. Mtu anafungua boksi, anachagua lugha, anaandika jina lake, kazi imekwisha. Aliyekesha akijifunza anamtazama asiyejifunza chochote akifika pale pale alipofika yeye. Inauma. Anayesema haiumi hajawahi kukesha.

Ndiyo maana, ukiyasikiliza vizuri maneno ya vijana wangu, mashine yenyewe haimo. Anayesemwa ni mtu. Hajui memori ni nini. Hajui faili zake ziko wapi. Kanunua sura.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, anakaa upande wa Raskazone. Mwanawe aliye nje alimletea laptopu ya aina hiyo. Anaandika historia ya ukoo wao, tangu walipotoka Pangani: majina ya mabibi na mababu, nani alimwoa nani, shamba lipi lilikuwa la nani, yote aliyoyachukua kwa wazee kabla hawajatangulia. Alikuja kwangu kuchapisha tu. Kuiwasha mara ya kwanza, kuunganisha intaneti, kuandika, kuhifadhi, yote alifanya mwenyewe nyumbani.

"Nani kakufundisha, mama?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu, mwanangu. Nilibonyeza nikaona, nikabonyeza tena nikaona."

Alipoondoka kijana wangu wa mazoezi akasema bi mkubwa yule ana mashine ya mamilioni, na anachofanya nayo ni kuandika tu. Nilimjibu palepale kwamba kuandika ndiyo kazi. Majina yale yangekwenda na wazee. Hayakwenda, kwa sababu kuna watu walikaa wakafikiri mwezi baada ya mwezi jinsi ya kuifanya skrini ieleweke kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na mwalimu wa kompyuta, na kufikiri huko ni ufundi mgumu kuliko wa kwetu sote tuliokuwa dukani siku ile. Mama hana deni kwetu la kujua memori ni nini. Amefundisha watoto wa mji huu kusoma na hakuna aliyemdai ajue karatasi inatengenezwaje.

Wala msidhani ni suala la bei, au la kampuni tajiri ya Marekani. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa Linux, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, na kwa miaka mingi kuiweka kwenye mashine ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake wakatoa Ubuntu, Linux iliyorahisishwa. Ilikuwa ya bure, na kwa miaka kadhaa ukiomba walikutumia sidi kwa posta bila kukutoza hata gharama ya kutuma. Programu yenyewe ilikuwa wazi, kila mtu aweza kuisoma na kuibadili. Na bado walitokea wapenzi wa Linux wa siku nyingi walioidharau, wakasema ni ya wanagenzi. Mwaka huo huo wa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Nilisikia kwa masikio yangu, hapa hapa Tanga, mtu aliyejiona mjuzi akisema kwamba anayehitaji menyu ya Kiswahili afadhali asiguse kompyuta. Hapo hakuna kufuli wala bei ya kulalamikia. Aliyesema hivyo alikuwa analinda mlango ambao yeye aliupita kwa taabu, na alitaka kila anayekuja nyuma aupite kwa taabu hiyo hiyo.

Kampuni nazo zimechochea. Kati ya 2006 na 2009 Apple ilirusha Marekani matangazo ya watu wawili, mmoja kijana mtulivu anayejitambulisha kuwa Mac, kifupi cha Macintosh, mwingine kavaa suti, mzito, kila mara ana tatizo, naye ndiye PC, kompyuta isiyo ya Apple. Sasa wewe umejenga PC yako kwa mikono yako, kila kipuri umekichagua, halafu televisheni inakwambia wewe ndiye yule wa suti. Tangazo kama hilo huuza mashine, na pia huacha kinyongo ambacho hudumu kuliko mashine yenyewe.

Na jambo wasilolijua wengi wa wanaokejeli ni kwamba tangu 2001 mfumo endeshi wa Mac umejengwa juu ya Unix, mfumo wa zamani ambao Linux nayo iliufuata, ukoo ule ule wa amri wanaoupenda. Mwaka 2007 ulipata hata cheti rasmi cha kuitwa UNIX. Skrini ya amri imo ndani, ukiitaka unaifungua. Urahisi wa juu haukufuta kina cha chini. Hilo huwa nawaonesha, na huwanyamazisha kwa muda.

Chuki ya pili ni ya kufungiwa, na hapa nasimama upande wa vijana bila kusita.

Juni 2012 ilitoka MacBook Pro yenye skrini ya Retina. Memori imechomelewa kwenye bodi, kibao kikuu cha ndani, betri imegandishwa kwa gundi, skrubu za nje zina kichwa cha pembe tano ambacho bisibisi ya kawaida haikishiki. iFixit, ambao kazi yao ni kufungua vifaa na kupima vinavyotengenezeka, waliipa alama 1 kati ya 10. Novemba 2020 zikaja mashine za Apple zenye chipu ya M1, ambazo memori imekaa ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, kwa hiyo kiasi ulichonunua siku ya kwanza ndicho hicho mpaka mwisho. Nikiwa fundi lazima niseme na upande wa pili: sababu za kiufundi zipo. Memori ikikaa jirani na prosesa, data husafiri upesi na umeme hutumika kidogo. Mashine inayoshinda kutwa bila kuchomekwa ina maana kubwa katika mji ambao umeme ukikatika hujui utarudi saa ngapi. Chapa nyingine nyingi nazo zimefuata njia hiyo, si Apple peke yake.

Lakini hebu tuangalie nani analipia. Mnunuzi wa kwanza, tuseme yuko London au Chicago, anaipata mashine ikiwa mpya na ina dhamana. Ikiharibika, duka lipo. Akiichoka, anauza. Utamu wote wa wepesi aliufaidi yeye. Betri inayochoka, memori isiyoongezeka, hifadhi isiyotoka, hayo yote yanasafiri na mashine hadi kwa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa. Mtu huyo yuko Makorora, kakopa kwenye kikoba, na hana duka la kampuni la kwenda. Ana mimi.

Mpiga picha mmoja wa harusi aliniletea laptopu nyembamba, chapa yake sitaitaja. Bodi ilikuwa imeliwa na unyevu. Siku za nyuma ningefungua skrubu mbili, nikatoa diski, nikaichomeka kwenye mashine nyingine, nikamkabidhi picha zake saa hiyo hiyo. Hifadhi ya mashine ile ilikuwa imechomelewa kwenye bodi ile ile iliyokufa. Nilihangaika nayo kwa siku kadhaa, nikaisafisha, nikajaribu kupitisha umeme sehemu kwa sehemu. Haikuamka. Ndani mlikuwa na harusi za watu, maharusi waliokwisha kulipa, mabibi waliocheza siku ile na ambao hawatapigwa picha nyingine. "Dada'ngu, sasa nitawaambia nini?" Sikuwa na la kumwambia. Hapo ndipo ninapokasirika, na hasira hiyo haina uhusiano wowote na ubishoo wa mtu.

Kuna na kufuli la akaunti, linaloizuia mashine kutumika bila nywila ya mwenye akaunti. Apple ililileta kwenye simu mwaka 2013, na mwaka 2019 likafika kwenye kompyuta zake zenye chipu ya usalama. Lengo lake ni jema, mwizi asifaidi alichoiba. Ila lile kufuli halimtofautishi mwizi na mwanafunzi aliyenunua mashine kwa haki kutoka kwa mtu ambaye naye alinunua kwa haki, kisha mwenyewe wa kwanza huko ng'ambo akasahau kuitoa kwenye akaunti yake. Mashine nzima, haina kasoro, inabaki kuwa sinia.

Watu waliopiga kelele juu ya mambo haya kwa miaka ni hao hao wapenzi wa kompyuta wanaoambiwa wana wivu. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisijizime ghafla, na baada ya lawama ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2022 ikaanza, Marekani kwanza, kuwauzia watu vipuri na kuwapa vitabu vya matengenezo. Bila wale wasumbufu wanaopima kasi, wanaofungua vifuniko na kuandika walichokikuta, hayo yasingetokea.

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli ndiyo inayonipa jibu. Anayeiendesha hahitaji kujua kunyoosha ringi. Anapanda, anakanyaga, anafika sokoni. Na siku ringi ikipinda, fundi yeyote chini ya mwembe ataifungua kwa spana moja. Urahisi wa mpandaji na uwazi kwa fundi vimekaa kwenye chombo kimoja, na hakuna aliyewahi kumwambia mama anayekwenda sokoni kwamba hastahili baiskeli kwa kuwa hajui spoku ni ngapi.

Kwenye kompyuta pia inawezekana. Mezani kwangu sasa hivi iko laptopu ya ThinkPad T420, ya mwaka 2011. Betri inatoka kwa kusukuma vibanio, diski inatoka kwa skrubu moja, na kitabu chake cha matengenezo kampuni ilikiweka wazi kwa yeyote. Inatumika dukani kila siku. Mwaka 2021 kampuni ya Framework wakatoa laptopu nyembamba ya kisasa inayokuja na bisibisi yake ndani ya boksi, na vipuri vyake vina maandishi ya kukuelekeza. Kwa hiyo mtu asinidanganye kwamba gundi ni bei ya lazima ya wepesi.

Vijana wangu nimewawekea utaratibu. Anayejifunza kwangu anaanza kwa kuivunja T420 mpaka mwisho na kuirudisha. Akishaweza hilo, anakaa na mteja mzee na kumwandalia mashine yake mpya, akimjibu kila swali bila kukunja uso, mpaka mteja aseme mwenyewe kwamba ameridhika. Wengi hili la pili linawashinda kwanza. Na ubishi wa mabishoo siukatazi, ila anayeuanzisha lazima aseme anachokilalamikia ni kipi: skrubu ipi, gundi ipi, kufuli lipi. Akianza na mwenye mashine, namrudisha kwenye kopi.

Na wewe unayetaka kununua laptopu ya mtumba, ya chapa yoyote ile: usitoe fedha kabla muuzaji hajaiwasha mbele yako, ikaunganishwa na intaneti, ikafutwa, na ikavuka hatua ya akaunti bila kumtaja mtu mwingine. Akikwambia utamalizia nyumbani, mwachie mashine yake. Uliza pia kama hifadhi inatoka. Kama haitoki, nunua diski ya nje siku hiyo hiyo na uanze kunakili usiku huo, hasa kama unakaa karibu na bahari.